Kifuniko Kilichobonyea

Redio ilikuwa imetangaza kwamba maneno ya mwisho ya marehemu Mtunzi, mwandishi wa michezo ya redio, yangerushwa Jumapili alasiri. Siku hiyo ilipofika, Bi Kifuniko aliamka akaosha vikombe vyote vya nyumba. Aliosha vya kila siku, kisha akatoa na vile vya kabatini vinavyosubiri wageni wakubwa, akavipanga mezani vikiwa vimefudikizwa.

“Mama, tunaozesha mtu leo?” mkwewe alimtania.

“Suuza na wewe, acha mdomo. Watu watakuja.”

Na kweli walikuja. Muuza mkaa wa pale kona alikuja amenawa mpaka viwikoni, jambo alilolifanya kwa misiba na harusi tu. Majirani wa nyumba ya nyuma walikuja na viti vyao wenyewe, maana walijua vya pale havitoshi, na hawakusubiri kuambiwa. Bi Kifuniko aliliona hilo, akawamiminia chai wao kwanza.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilikuwa limelala kwenye kitambulisho. Mtaani, sokoni, hata hospitalini, aliitwa Bi Kifuniko, kwa sababu ya bibi aliyemwigiza redioni tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Kila Jumapili, katika mchezo wa Mtunzi, ilifika mahali familia nzima imenuniana, kila mmoja anaficha lake. Hapo ndipo kiliposikika kifuniko cha sufuria kikigongwa mara tatu, na sauti ya bibi ikifuata: “Nimefunua! Asiyetaka kunusa atoke nje!” Akishasema hivyo, anayaanika yote. Watu waliacha kula wakamsikiliza. Kuna wanaume walioanza kuungama mke alipogusa sufuria tu.

Wasikilizaji hawakujua jinsi bibi huyo alivyopatikana. Mtunzi aliwaandikia waigizaji wengine neno kwa neno, mpaka pa kukohoa aliandika “kohoa.” Lakini kwenye karatasi ya Bi Kifuniko aliandika mstari mmoja: “Hapa bibi anafunua.” Basi. Yaliyobaki yalitoka kwake, na yeye aliyatoa kwa mama yake mzazi, mwanamke aliyepika kwa watu maisha yake yote na hakumwogopa yeyote aliyemkuta jikoni kwake. Ile sauti ilikuwa ya mama. Yale matusi matamu yalikuwa ya mama. Hata kifuniko kilikuwa cha mama, kile kile, kizito, kimebonyea ukingoni. Bi Kifuniko alikibeba kwenda studio akiwa amekifunga kwenye kanga, na mchezo ukiisha alikirudisha jikoni kikaendelee na kazi yake.

Mwishoni mwa kila mchezo mtangazaji alisema: “Bi Kifuniko ametungwa na Mtunzi.” Mwanzoni jambo hilo halikumsumbua. Baadaye lilimsumbua kidogo, kama kokoto kwenye kiatu. Siku moja akamwambia Mtunzi.

“Kaka, siku moja waambie watu huyu bibi ni nani. Sisemi nitajwe mimi. Mtaje mama yangu.”

“Dada, hilo halina mjadala,” Mtunzi alimjibu. “Ila tulitangaze vizuri, lisiwe la kurukiarukia. Ngoja nafasi yake.”

Nafasi haikupatikana mpaka Mtunzi akalazwa hospitalini. Bi Kifuniko alimpelekea uji, akamkuta amekonda, macho tu. Mtunzi alimshika mkono. “Lile jambo nimelisema, dada. Nimerekodi maneno ya kuwaaga watu. Utasikia kwa masikio yako.”

Mgala muue na haki yake mpe. Mtunzi alikuwa mtu mwema kwake. Bi Kifuniko alipofiwa na mumewe, ndiye aliyekuja kukaa nje kwenye mawe pamoja na wanaume, siku zote za msiba, asiondoke. Ndiye aliyemtafutia kiti chenye mgongo studio alipoanza kuumwa kiuno. Kwa hiyo alipoambiwa “utasikia,” aliamini. Akamwambia mkwewe. Mkwe akamwambia muuza mkaa, na ukitaka mtaa ujue jambo, huna haja ya gazeti, mwambie muuza mkaa.

Saa ikafika. Mkwe akaongeza sauti.

Mtunzi alisikika, pumzi zake zikiwa fupi. Aliwashukuru wasikilizaji. Aliwashukuru fundi mitambo, dereva, na mama wa usafi aliyekuwa akimwachia taa bila kuzima anapochelewa kuandika. Bi Kifuniko akatikisa kichwa kwa kuridhika: kumkumbuka mama wa usafi, hilo ni jambo la utu.

“Na sasa,” sauti ikasema, “mmeniuliza miaka yote Bi Kifuniko nilimtoa wapi.”

Muuza mkaa akampiga Bi Kifuniko kikumbo cha furaha begani.

“Nilimtoa jikoni kwa mama yangu mzazi. Maneno yale ni yake. Kifuniko kile ni chake. Siku moja mwizi aliingia uani kuiba maharage yakiwa motoni, mama akamrushia kifuniko, kikampata mgongoni, kikabonyea ukingo. Kila kikigongwa, mimi humwona mama. Mkinikumbuka mimi, mkumbukeni na yeye. Kwaherini.”

Muziki wa mchezo ukapigwa.

Chai ilikuwa ikitoa mvuke kwenye vikombe vya wageni wakubwa. Mkwe alinyoosha mkono akazima redio polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Muuza mkaa alikunywa funda moja, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, “Chai hii ina tangawizi ya haki!” Wengine wakaitikia kwamba kweli, tangawizi ya haki. Walikuwa wakimsitiri, na yeye alijua.

“Ongezeni,” alisema. “Ipo nyingi.”

Kilichomchoma zaidi alikijua yeye peke yake. Hadithi ya mwizi wa maharage alimsimulia Mtunzi mchana mmoja umeme ulipokatika, wawili wao wamekaa studio wanasubiri urudi. Na Mtunzi, alipoisikia, akasema, “Mimi mama yangu sikumwona. Alikufa siku aliponizaa. Nimelelewa kwa shangazi huyu na yule, kama kikombe cha kuazima.” Siku hiyo Bi Kifuniko alimhurumia mpaka machozi yakamtoka. Hakujua kwamba anamwonyesha mtu mahali ufunguo unapowekwa.

Kesho yake fundi mitambo alikuja, mzee mtulivu aliyezoea kuongea kwa kidole gumba kupitia kioo cha studio. Alileta mkate. Alikaa ukingoni mwa kiti.

“Bibie,” alisema, “siku hizi wanakata sana. Rekodi ikiwa ndefu, wanakata. Huenda kuna maneno yalipotea.”

“Ulikuwepo akirekodi?”

“Nilikuwepo.”

“Na walikata?”

Fundi alikoroga chai yake. Alikoroga tena, na sukari alikuwa hajaweka. “Inawezekana,” alisema.

Bi Kifuniko alimtazama yule mzee asiyejua kusema uongo, aliyevaa shati la kutokea ili aje kuusema kwa ajili yake. Angeweza kuupokea. Ungemtosha, na usiku angelala.

“Weka sukari, baba,” alimwambia kwa upole. “Na asante kwa mkate.”

Haikupita wiki, akaja mtoto wa Mtunzi, mtu mzima sasa, mkuu wa michezo ya kuigiza pale redioni. Alivua viatu mlangoni japo aliambiwa asivue. Alikaa, akauliza hali ya kiuno, akasifu ukuta ulivyopakwa rangi.

“Mama, tumetenga chumba cha kumbukumbu ya baba. Kalamu yake ipo, koti lake lipo. Sasa watu wanauliza kifuniko. Kile cha bibi.”

“Bibi yupi?”

“Bibi mzaa baba.” Alitazama sakafu. “Baba alisema alikupa ukitunze. Tunakushukuru kwa kukitunza. Tungependa siku ya ufunguzi ukigonge hewani kwa mara ya mwisho, halafu tukiweke kwenye kioo.”

Mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, alisimamisha mikono. Kifuniko chenyewe kilikuwa hatua chache kutoka pale, juu ya sufuria ya mboga, kikitetemeka kwa mvuke kama kinachosikiliza.

“Kifuniko nitaleta,” Bi Kifuniko alisema.

Mgeni alipoondoka tu, mkwe alilipuka. “Mama! Umwachie na mama yako akawekwe kwenye kioo kwa jina la mtu mwingine? Leo mama, kesho watakuja kuchukua mlango!”

“Nimesema nitaleta kifuniko. Umenisikia nikisema kipi?”

Mkwe alimtazama. Halafu akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Sokoni waliingia kwa muuza vyombo. Bi Kifuniko aliinua kifuniko kimoja kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakirudisha.

“Mama, unanunua au unajaribu ngoma?” muuza vyombo aliuliza.

“Natafuta ambacho hakina sauti.”

“Wateja wengine wananiomba visivyounguza, wewe unataka bubu!”

Lakini alimtafutia. Aliingia mpaka ndani kabisa, akarudi na kifuniko chepesi cha bati, kikigongwa kinasema “ta,” basi, kama mtu aliyeitwa akakataa kugeuka. Mkwe alikipiga jiwe ukingoni kikabonyea. Bi Kifuniko akakifunga kwenye kanga ile ile.

Tusimdanganye mtu: njia nzima hakuwa na raha. Kuna wakati alijiona mjanja, na kuna wakati alijiona mwizi. Na alikuwa na jambo jingine kifuani. Hewani, mbele ya wote, angeweza kufunua. Maneno yalikuwa yamejipanga kooni: mama wa nani, jikoni kwa nani. Nani angemzuia Bi Kifuniko kufunua?

Chumba cha kumbukumbu kilinuka rangi mpya. Koti la Mtunzi lilikuwa limetundikwa, mifuko imevimba kwa kukaliwa na mikono yake miaka mingi. Pembeni palikuwa na sanduku la kioo, tupu, na chini yake maandishi: “Kifuniko cha mama mzazi wa Mtunzi.” Fundi mitambo alikuwa kwenye meza yake ya vitufe. Aliinua kidole gumba.

Watu waliokuwa mle ndani walikuwa watu wa redio. Masikio yao ni makali kama ya sungura, ila macho huyaacha nyumbani. Kifuniko kilipotolewa kwenye kanga, waliona ukingo uliobonyea, wakaguna kwa heshima. Mtangazaji alifuta jicho.

Bi Kifuniko alikisogelea kipaza sauti. Aligonga.

Ta. Ta. Ta.

Chumba kikaganda. Kuna mlio umekaa kwenye masikio ya watu kwa nusu ya maisha yao, na huu haukuwa huo. Waliugundua kama mtu anavyogundua gizani kwamba ngazi imepungua kidato. Walitazamana. Kisha wakangoja ile sauti: “Nimefunua!”

Alifungua mdomo. Na hapo akasikia ndani ya kichwa chake sauti ya Mtunzi, yenye pumzi fupi, ikisema “humwona mama.” Maneno yaliyokuwa yamejipanga yakatawanyika. Aligundua kwamba ile sauti ya mama yake haipati. Alikuwa akiitafuta mahali ilipokaa siku zote, na mahali pale pamekaa mtu mwingine.

Akafunga mdomo.

Redio haipendi ukimya. Mtangazaji alimpungia fundi mkono aingize muziki. Fundi hakumwona, au alijifanya hakumwona. Aliuacha ukimya uende hewani, mrefu, mzima, mpaka Bi Kifuniko mwenyewe alipoweka kifuniko mezani na kurudi nyuma. Hapo ndipo fundi alipopandisha muziki, taratibu.

“Amezidiwa na majonzi,” mtangazaji alinong’ona hewani. Watu wakapiga makofi.

Mtoto wa Mtunzi alimfuata kwenye korido. Alisimama naye dirishani, akasubiri watu wapite.

“Mama, kile sicho.”

“Sicho, mwanangu.”

“Chenyewe kiko wapi?”

“Kiko jikoni. Kinafunika mboga.” Alimwangalia. “Baba yako hakumwona mama yake. Aliniambia kwa mdomo wake. Wewe ulikuwa hujui, sikulaumu.”

Yule mwanamume alitazama viatu vyake, na Bi Kifuniko, aliyeona nyuso nyingi za watu wenye jambo, alijua kabla hajaambiwa.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nimekaa naye akirekodi. Alianza vizuri, mama. Alianza na wewe. Alisema, ‘Bi Kifuniko si wangu.’ Halafu akasimama. Akaniuliza, ‘Nikimtoa huyu, mimi nabaki na nini?’ Nikanyamaza. Akasema turudie mwanzo.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

“Ungemwambia, ‘Baba, unabaki na mimi.’”

Mtu mzima yule aliweka mkono ukutani. Kisha alisema, “Naweza kubadilisha yale maandishi. Kesho. Leo hii, ukitaka.”

Bi Kifuniko aliliwaza hilo. Zamani angelitaka kuliko chakula. Lakini maandishi ya kupewa koridoni hayakuwa yale aliyoahidiwa na mtu aliyemshika mkono.

“Yaache,” alisema. “Kila sufuria na kifuniko chake. Maneno ya uongo, na kifuniko cha uongo. Vinaelewana. Siku ukitaka kuandika ya kweli, iwe umetaka mwenyewe, si kwa sababu mimi nimesimama hapa.”

Mtoto wa Mtunzi alimbebea mkoba mpaka nje, akamshika mkono kwenye ngazi, kwa sababu kiuno chake alikikumbuka. Bi Kifuniko alimwachia ashike. Wema ni wema hata ukichelewa, ingawa uliochelewa haushibishi.

Nyumbani mkwe alikuwa amesikiliza yote. Hakuuliza kwa nini hakusema. Alimwekea kiti karibu na jiko, akampa maji, akafunua sufuria akakoroga, akarudisha kifuniko. Kikalia mlio wake wenyewe, mzito, unaokaa hewani. Wote wawili wakatulia mpaka ulipokwisha.

“Mama,” mkwe alisema, “nisimulie wewe. Ya mwizi wa maharage. Nataka niisikie kwa mwenyewe.”

Bi Kifuniko alianza. “Siku moja mwizi aliingia uani...” Akasita. Ilikuwa tena ile sauti yenye pumzi fupi. Maneno ni yake, ila kila alilolishika lilikuwa limeshashikwa, kama embe la sokoni. Alijaribu tena, akashindwa. Mkwe aliendelea kuchochea moto, asimharakishe.

Akakiinua kifuniko, akakigeuza chali magotini, akapitisha kidole ndani, pale chuma kilipochakaa kikang’aa.

“Kuna kipande sikumwambia Mtunzi,” alisema polepole. “Umeme ulirudi, tukaitwa kazini. Hadithi sikuimaliza.”

“Kipande gani?”

“Mwizi alianguka. Mama akamkimbilia ammalizie. Alipofika akamkuta ni mtu aliyekonda, mikono inatetemeka, na maharage ameyashika ya moto hivyo hivyo, hataki kuyaachia. Mama akakiokota kifuniko. Akakipangusa kwa nguo yake. Akakigeuza hivi, chali, akampakulia humo humo. Akamwambia, ‘Kula. Ungebisha hodi, ningekupa kwenye sahani.’”

Sauti iliyosema maneno hayo ilikuwa ya mama. Ilitoka bila kutafutwa, kali, yenye kicheko kwa mbali. Mkwe aliacha kuchochea.

“Akala?”

“Akala yote. Mama amesimama pembeni, mikono kiunoni, anamtukana na kumwongeza.”

Mvuke ulipanda kutoka kwenye sufuria iliyokuwa wazi. Mkwe alimtazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo Mtunzi umemsamehe?”

Bi Kifuniko alikigeuza kifuniko, akakirudisha juu ya sufuria, akakikandamiza pale penye bonyeo ili mvuke usitoke.

“Mama yangu ndiye aliyekuwa na moyo huo,” alisema. “Mimi bado.”